Paa la Nusu

(Muziki wa kufungua. Unapanda, unashuka, kisha unapotea chini ya sauti.)

Kama uko Nyarugusu, kama uko Kakuma au Kalobeyei, kama uko Nakivale, Rwamwanja au Kyangwali, na hata wewe wa Dzaleka kule Malawi uliyetuandikia kwamba sauti yetu inakufikia kwa kukatika-katika, karibu. Sogeza redio karibu na mlango, mwambie na jirani asogee. Na wewe mama unayechambua maharage, endelea tu. Mikono ifanye kazi yake na masikio yafanye yake.

Leo nipo peke yangu studio. Mgeni wetu amekwama njiani kwa sababu ya mvua. Nikafikiri nipige muziki tu mpaka muda uishe, kisha nikakumbuka kuna jambo mmeniuliza mara nyingi na mimi nimekuwa nikilikwepa. Leo nitalisema.

Barua zenu ni za aina mbili. Wa kwanza anasema: "Shule yetu ni ya jamii, sisi wazazi ndio tuliijenga. Haina madawati, haina paa la maana. Tunasikia wenzetu wana marafiki Ulaya na Marekani wanaowachangia. Sisi tuwapateje?" Wa pili anasema: "Kila mwaka wageni wanakuja kuwapiga picha watoto wetu, wanasema wanakwenda kuwachangishia. Hizo pesa zinaishia wapi?" Nimezisoma barua hizi kwa muda mrefu, na naona waandishi wake wangekaa pamoja wangeelewana. Mmoja anataka kuaminiwa, mwingine anataka kujua kama anaweza kuamini.

Shida yenyewe siwezi kuwafundisha ninyi. Ripoti ya elimu ya UNHCR ya mwaka 2023 ilihesabu watoto wakimbizi milioni 14.8 wenye umri wa kwenda shule duniani, na zaidi ya nusu yao hawakuwa shuleni. Kisha mwaka 2025 misaada ikakatwa. Katika kambi nyingi mgao wa chakula ulipungua, na walimu wa posho wakaambiwa hakuna tena posho. Nasema posho ya pesa, si ile posho ya unga ambayo ndugu zetu walioko Uganda wanaila, ingawa hiyo nayo ilipungua. Ndiyo maana watu wameanza kutazama kwingine: si kwa mashirika makubwa yenye magari meupe, bali kwa vikundi vidogo vya watu wa kawaida huko mbali, watu saba, watu kumi, wanaojitolea jioni baada ya kazi ili kusaidia shule moja tu.

Mimi nimewahi kuwa upande wa kupokea. Kabla sijashika kipaza sauti nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika makazi moja ya wakimbizi Uganda. Shule sitaitaja, na watu wake sitawataja. Ila mimi nitajitaja.

Kuta zilikuwa za udongo, paa lilikuwa turubai. Unalijua turubai likishapigwa na jua miaka miwili: linakuwa kama karatasi. Mvua ikianza tulikuwa tunawakusanya watoto wote kona moja, wadogo wanashika madaftari chini ya mashati, na somo linaishia hapo. Ukihesabu siku za masika, muhula ulikuwa unapungua karibu theluthi.

Mzazi mmoja alikuwa na dada yake aliyepelekwa Uingereza kwa mpango wa makazi mapya. Dada huyo alipata kazi ya kuwatunza wazee. Hakuwa na pesa za kujenga paa, lakini alikuwa na mdomo. Aliwasimulia wazazi wenzake kwenye shule ya mtoto wake, akawasimulia wafanyakazi wenzake, na baada ya muda wakawa watu tisa. Wakatuandikia: tuambieni mnahitaji nini. Tukajibu: paa. Mabati 60, mbao, misumari, na malipo ya fundi.

Ilipita karibu miezi saba, tukawa tumeshawasahau. Kisha pesa zikaja, pauni 900, zikiwa zimegeuzwa shilingi, kwenye simu ya mwenyekiti wetu.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Wakati ule walimu tulikuwa tumekaa miezi minne bila kitu. Wazazi walikuwa wakitulipa kwa mahindi na maharage baada ya mavuno, na mavuno ya msimu ule yalikuwa mabaya. Kamati ikakaa usiku, tukiwa watu kumi na mmoja ndani ya chumba kimoja. Hakuna aliyesema "tuibe." Neno hilo halikutajwa kabisa. Tulisema: walimu wakiondoka, paa litamfunika nani? Tukakubaliana kununua mabati 32, tuezeke nusu, na kinachobaki tugawane walimu saba. Mimi nikapata fungu langu. Nililipa deni la dawa ya mtoto, nikanunua unga.

Kisha wakasema, mwalimu, wewe ndiye unaandika Kiingereza kizuri, waandikie wale marafiki. Nikaandika kwamba paa limekamilika na watoto wanashukuru. Tukaweka na picha. Aliyepiga picha alisimama upande wa kulia wa jengo, upande wenye mabati.

(Muziki mfupi, sekunde kumi.)

Msikilizaji, ngoja nikupeleke kwanza huko pesa zilikotoka, maana mimi mwenyewe sikujua mpaka siku nilipoambiwa, na ningejua mapema pengine mkono ungekuwa mzito kuandika ile barua.

Wengi wetu tukisikia "pesa za kutoka Uingereza" tunaona serikali, au tajiri mmoja amekaa kwenye kiti anatia saini hundi. Kikundi kidogo cha hisani hakiko hivyo. Wanaokisimamia kwa kawaida hawalipwi hata senti. Kule England na Wales wanaitwa wadhamini, na wakikosea katika pesa, wao ndio wanaoulizwa. Pesa zenyewe wanazitafuta kwa namna ambayo wewe ukiiona utacheka. Mtu anaoka keki nyumbani kwake, anazipeleka kanisani au shuleni au kazini Jumamosi, anaweka meza na kikopo, anauza kipande kimoja kimoja. Mwingine anatangaza kwamba atatembea maili kumi, na rafiki zake wanaahidi kumpa kiasi fulani akimaliza. Mwingine anakimbia mbio ndefu. London Marathon, iliyoanza mwaka 1981, inajulikana sana kwa watu wanaokimbia ili kuchangisha. Mwingine anauza nguo zilizotumika. Yapo maduka mengi kule yanayouza vitu vilivyotolewa bure na watu ili faida iende kwenye hisani, na nguo zinazokosa mnunuzi huko huuzwa kwa wafanyabiashara, nyingine zinasafiri mpaka Owino kule Kampala na Gikomba kule Nairobi. Kwa hiyo huenda shati ulilovaa sasa hivi lilishawahi kuning'inia kwenye duka la hisani na likakataliwa. Haidhuru, limekupendeza.

Tufanye hesabu. Kama kipande cha keki ni pauni 2, pauni 900 ni vipande 450. Na unga, mayai na sukari mwokaji amenunua mwenyewe. Keki moja ikikatwa vipande kumi na mbili, hizo ni keki karibu arobaini, Jumamosi baada ya Jumamosi, mtu amesimama nyuma ya meza kwenye baridi akiwaeleza wapita njia kwamba kuna watoto mahali fulani Uganda wanaonyeshewa mvua darasani. Ndiyo maana ilichukua miezi saba. Sisi tulidhani wametusahau.

Huyo aliyenihesabia vile vipande alikuja mwenyewe.

Ilikuwa baada ya miezi minane. Dada yetu alipata nafasi ya kuja kuona ndugu zake, akafuatana na mama mmoja mzee, mwalimu mstaafu, mmoja wa wale tisa. Walilipa nauli zao wenyewe. Hawakutoa taarifa mapema, na sidhani kama walikuwa wanatuvizia; simu ya mwenyekiti ilikuwa imeharibika. Niliwaona wakitokea kwenye njia, nami niko darasani, nimesimama chini ya turubai. Nilitamani ardhi inimeze.

Yule mama hakufoka. Alitembea kutoka upande wa mabati mpaka upande wa turubai, akatazama juu, akafungua daftari lake. Ndani kulikuwa na ile picha yetu, imebandikwa. Akaniuliza kupitia dada: "Ni wewe uliyeandika?" Nikasema ni mimi. Nikamweleza yote, miezi minne, mavuno, kikao cha usiku. Alikaa kimya. Kisha akasema: "Mngetuambia walimu hawajala, tungetuma pesa za walimu kula. Sasa nikirudi niwaambie nini walionunua?"

Pesa zilisimama. Kwa hasira? Sikuona hasira. Mdhamini anatakiwa aweze kuonyesha kwamba pesa zilitumika kwa kazi ile ile waliyoombewa watu, na wao hawakuweza kuonyesha. Miaka miwili ikapita. Walimu wanne kati ya saba wakaondoka, wawili wakaenda kulima, wawili wakaenda mjini. Darasa la tano na la sita yakafungwa, na watoto wake wakawa wanatembea mpaka shule nyingine, wale waliokuwa na miguu ya kutembea na wazazi wa kuwaruhusu. Wasichana wengi hawakwenda. Tuligawana pesa za paa ili walimu wasiondoke, na walimu wakaondoka.

Sasa naweza kujibu barua zenu, kwa maana sasa mnajua anayejibu ni nani.

Wewe unayeuliza utawapataje marafiki wa mbali: mara nyingi unaye tayari. Ni yule jirani yako wa zamani aliyehamishiwa Marekani, Kanada au Australia, anayekupigia simu Jumapili. Usimwombe pesa zake, maana na yeye analipa kodi ya nyumba na ana ndugu ishirini wanaompigia. Mwombe asimulie. Yeye alisoma au alifundisha chini ya turubai hilo hilo, kwa hiyo akisimulia watu watamsikiliza. Na kama wataamua kuchangisha kupitia intaneti, fahamu kwamba majukwaa mengi ya kuchangisha yanataka mwenye kuufungua ukurasa awe na akaunti ya benki katika nchi zilizomo kwenye orodha yao, na nchi zetu mara nyingi hazimo. Kwa hiyo yeye ndiye atakayefungua, jina lake ndilo litakalokuwa pale. Ukimwangusha, unamwangusha mbele ya watu anaoishi nao.

Mwambie mnachohitaji kabla hajaanza kukisia. Watu wema wakikisia wanakisia vitabu. Chukua Nyarugusu: watoto wa Kikongo pale wanafuata mtaala wa Kongo, wanasoma kwa Kifaransa, na wa Burundi walikuwa wakifuata wa Burundi. Mtu akiwatumia katoni nne za hadithi za Kiingereza amelipa mizigo kwa ajili ya panya. Kakuma wanafuata mtaala wa Kenya, Nakivale wa Uganda. Mtu wa mbali hawezi kujua hayo mpaka umwambie.

Mwambie pia kuhusu walimu, hata kama unaona aibu. Wachangishaji wanapenda paa kwa sababu paa linapigwa picha. Chaki haipigwi picha, wala mwalimu aliyekula asubuhi. Lakini anayeoka keki ana akili, na mara nyingi hata yeye ni mwajiriwa. Ukimweleza kwamba darasa bila mwalimu ni kivuli tu, ataelewa. Akikataa, amekataa. Afadhali akatae mkiwa mnaambiana ukweli.

Kuhusu daftari la pesa nitachukua muda, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoanguka bila hata kuiba.

Pesa zisiingie kwenye simu ya mtu mmoja peke yake kama kuna njia nyingine. Kama hakuna, basi siku zinapoingia watu watatu wauone ujumbe wa simu kwa macho yao, na angalau mmoja awe mzazi ambaye si mwalimu. Ujumbe huo unakiliwa kwenye daftari neno kwa neno: tarehe, saa, kiasi. Usiufute. Kisha andika ukutani. Ndiyo, ukutani, kwa chaki, mahali ambapo mama anayepita kwenda bombani ataona: zimeingia kiasi hiki, za kazi hii. Zikitumika, andika tena. Shule moja niliyoitembelea baadaye ilikuwa na ubao wa namna hiyo, na wazazi walikuwa wakibishana mbele yake kuhusu bei ya misumari. Nilifurahi sana kusikia ubishi ule.

Pesa hupungua njiani na hilo si wizi, lakini lazima liandikwe. Kule kuna ada ya kutuma. Katikati kuna kiwango cha kubadilisha, na wanaobadilisha wanakula kidogo. Huku kuna ada ya kutoa. Rafiki yako alituma pauni 100, akafanya hesabu ya kwenye gazeti. Wewe ukapokea pungufu. Msipoandikiana, yeye atahisi kuna kidole kimeingia. Andika: kilichoingia kwenye simu ni hiki, ada ya kutoa ni hii, mkononi tumepata hiki.

Risiti. Najua fundi wa matofali hana kitabu cha risiti, na muuza mbao wa sokoni hana. Chukua daftari dogo, andika alichouza, idadi, bei, tarehe, aweke saini au dole gumba, na namba yake ya simu. Ila namba hiyo ibaki kwenye daftari lenu, msiirushe kwenye mtandao. Kabla ya kununua, uliza bei kwa wauzaji wawili au watatu na uandike bei zote, hata zile ulizozikataa. Ni kazi ya asubuhi moja tu.

Na kazi yenu wenyewe iandikwe pia. Tunapenda kusema "sisi hatuna kitu." Si kweli. Wazazi wanaobeba mchanga, akina mama wanaochota maji ya kukandia udongo, vijana wanaochimba msingi, hao wote wanajitolea sawasawa na yule anayeoka keki. Andika siku na idadi ya watu. Wale wa mbali wakijua kwamba jengo la pauni 900 lina ndani yake siku mia mbili za kazi ya wazazi, wanaacha kujiona wanatoa sadaka. Wanajua wanajenga pamoja na watu.

Mambo yakiharibika, andika siku hiyo hiyo. Mbao zimepanda bei, mwambie. Mabati matano yameibwa, mwambie. Mmelazimika kutumia pesa kwa jambo jingine, mwulize kabla ya kuzitumia, na kama mmeshatumia, mwambie kabla hajaona.

Kuhusu kujiandikisha nitasema kwa kifupi, kwa sababu kila nchi ina taratibu zake na zinabadilika. Uganda, vikundi vidogo vya jamii vinashughulikiwa wilayani, na ofisi ya kamandanti itakuelekeza uanzie wapi. Kenya ina sheria ya mwaka 2022 ya kusajili vikundi vya jamii. Tanzania anza kwa mkuu wa kambi, usianze kitu bila yeye kujua. Popote ulipo, kuulizia hakulipiwi.

(Muziki mfupi.)

Sasa wewe wa pili, uliyeandika kuhusu wageni na picha. Swali lako si la utovu wa adabu. Una haki ya kumwuliza mgeni: kikundi chenu kinaitwaje, kimesajiliwa wapi, na mwaka jana mlituma nini? Kule England na Wales shirika la hisani lenye mapato yanayozidi pauni 5,000 kwa mwaka linatakiwa kujiandikisha kwenye tume ya mashirika ya hisani, na orodha ya tume hiyo iko wazi kwenye intaneti, bure. Ukiandika jina, unaona mapato, matumizi na majina ya wadhamini. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina orodha zao. Marekani, mamlaka ya mapato ya huko, IRS, nayo ina mahali pa kutafuta majina ya mashirika iliyoyatambua. Kijana mwenye simu yenye intaneti anamaliza kazi hiyo kwa dakika tano. Kukosekana kwenye orodha si lazima iwe utapeli, maana vikundi vidogo sana kule England haviko chini ya sharti hilo. Lakini mwenye nia njema akiulizwa hakasiriki, anakuonyesha daftari lake.

Atakayekudai ada ya kujiandikisha ili upewe msaada ni tapeli. Atakayetaka picha ya kadi yako ya mgao au ya hati yako ya ukimbizi kwa njia ya simu, akisema ni ya "mfadhili", usimpe. Na mtu yeyote, wa nje au wa ndani, mwalimu au mgeni, mwenye kitambulisho shingoni au asiye nacho, akidai kulala na mtu ili mtoto aingizwe kwenye orodha ya ada au sare, hilo ni kosa kubwa na kosa si lako. Nenda kwenye dawati la ulinzi, au ofisi ya UNHCR, au tumia sanduku la malalamiko. Unaruhusiwa kufuatana na mtu unayemwamini.

Picha za watoto. Hapa nawasema na walimu wenzangu, kwa maana sisi ndio tunaowapanga watoto mstari mgeni akishuka kwenye gari. Mzazi aulizwe kwanza, na akisema hapana, iwe hapana bila mtoto kunyimwa daftari. Jina la mtoto na jina la kambi visikae pamoja na uso wake kwenye mtandao. Wapo kati yetu waliokimbia watu wanaowatafuta mpaka leo, na picha moja yenye ubao wa shule nyuma yake inatosha kumwambia mtu mbaya familia iko wapi. Na msimwambie mtoto avue viatu ili aonekane anahitaji zaidi. Nimeona likifanyika. Paa lililotoboka lipigwe picha, madawati yaliyovunjika yapigwe picha, mikono ya watoto ikiandika ipigwe picha. Zinatosha.

Nimebakiwa na dakika chache. Mtakuwa mnataka kujua shule yetu iliishaje.

Ilikuwa mwaka wa pili wa ukimya. Tulibaki walimu watatu. Hatukuwa na ombi la kutuma, lakini tulikaa tukasema tuwaandikie kila kitu hata kama hawatajibu. Tuliandika kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa hesabu ya zile pauni 900, shilingi kwa shilingi tulivyoweza kukumbuka: mabati 32, mbao, misumari, fundi, na mafungu saba ya walimu. Mwenyekiti hakutaka majina ya walimu yawemo. Nikasema basi liwemo langu peke yake. Nikaandika jina langu, kiasi nilichochukua, na kwamba barua ya kwanza niliiandika mimi nikijua si kweli. Mkono ulitetemeka kuliko siku nilipofanya mtihani.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Halikuwa na pesa. Lilikuwa na maswali kumi na mawili, mengine ya kuudhi kidogo: mwalimu mmoja anahitaji kiasi gani kwa mwezi ili asiondoke? Nani anashika daftari? Ikinyesha leo, watoto wangapi wanaloa? Tukajibu yote. Mwezi wa tatu wakatuma pauni 200, wakaandika waziwazi kwamba ni za chaki na chakula cha walimu, na wakasema tusithubutu kununua bati hata moja kwa pesa hizo. Tulicheka, na mmoja wetu alilia.

Bati zilizobaki, 28, zilikuja mwaka uliofuata. Zilipigiliwa na wazazi kwa siku mbili, na ubao ulikuwa ukutani na kila msumari umeandikwa. Yule mama mzee hakuziona, alikuwa ameshakuwa mtu wa kutembelea fimbo. Tulimtumia picha mbili, moja ya upande wa kulia na moja ya upande wa kushoto. Mpaka leo ukisimama barabarani unaona mahali bati za zamani zilipoishia na mpya zilipoanzia, kwa sababu za zamani zimeshika kutu.

Maswali yenu nayasubiri kwa namba ile ile, na kwa wale wasio na salio, mpeni barua mhamasishaji wetu wa kambini, atatufikishia. Wiki ijayo, barabara ikikubali, mgeni wetu atakuwa hapa kuzungumza nasi kuhusu vyeti vya shule vilivyopotea njiani. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga.)